Jipu Nililolitibu Nyuma ya Ukuta

Nianze na chupa. Najua uliyetaka habari za jipu utaona napotea mapema, lakini bila ile chupa hakuna mtu angeniita fundi, na nisingeitwa fundi, mama mkwe wangu asingefika pale alipofika.

Nilikuwa kijana, sijaoa, nauza asali stesheni ya Itigi. Garimoshi likisimama tunakimbilia madirishani, huyu na mayai ya kuchemsha, yule na kuku hai amemfunga miguu, mimi na vibuyu vyangu. Siku moja abiria mmoja mnene akanyoosha mkono akachukua kibuyu ili aonje. Mkono wa pili ulikuwa na chupa, akanipa nimshikie. Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Akachovya tena. Alikuwa bado amefumba macho garimoshi lilipong'oka. Nikakimbia nalo, mimi nadai kibuyu changu, yeye anadai chupa yake, mpaka jukwaa likaisha na mimi nikaishia hapo. Nikabaki na chupa ya kioo kizito, ya kijani, shingo nene na mdomo mpana. Ndani mlikuwa na maji machungu, nikayamwaga.

Baba hakuamini. Alisema nimebadilisha asali kwa pombe, na alisema hivyo mpaka anakufa. Baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo, hata mvua lazima atoke nje alowane ndipo akubali kwamba inanyesha. Nami nimerithi kidogo, nitasema mbele.

Chupa ikakaa nyumbani. Ikawekwa mafuta ya taa, baadaye ikatumika kumnyweshea ndama aliyefiwa na mama yake, baadaye ikasahauliwa uvunguni. Kisha mzee mmoja wa genge la reli, jirani yetu, akaota jipu kwapani. Alikuwa akitembea ameinua mkono mmoja kama anasimamisha gari. Alipoiona ile chupa akasema hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Akajaza maji ya moto, akaitikisa, akayamwaga yote, akaniambia nibandike mdomo wa chupa juu ya jipu na nisiachie. Chupa ilivyopoa ikawa inanyonya. Mzee hakutoa sauti, machozi tu yalimtoka, na jipu likapasuka ndani ya kioo mimi nikiona kila kitu. Siwezi kuficha, nilifurahi. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na hakuna kitu darasani kilichoniingia kichwani kama kile.

Nikaanza na ndugu zangu, nikaendelea na majirani. Halafu ikaja ile miaka ya kukosa sabuni. Walioiishi wanaijua. Duka la ushirika lina rafu na muuzaji, hakuna kingine. Tulifua kwa majivu, tulioga kwa majani ya mti, tulivaa shati moja mpaka linasimama lenyewe. Majipu yakaja kama mvua ya masika. Balozi wetu wa nyumba kumi aliota moja kwenye kalio akaendesha mikutano amesimama miezi miwili, watu wakasema sasa huyu anafanya kazi. Nilimtibu mimi. Tangu hapo jina likawa Fundi, na watu walitoka hata upande wa Kilimatinde wakiuliza nyumba ya Fundi ni ipi.

Nisijidharau sana. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nachemsha maji na chumvi kidogo, nayaacha yapoe mpaka mkono uvumilie, nachovya kitambaa nilichokwisha kukichemsha, naweka juu ya jipu, kikipoa nachovya tena. Asubuhi, mchana, jioni. Nikamkataza mtu kuliminya. Jipu lina kiini ndani, ukiliminya kabla halijaiva unakisukuma kwenda chini, na hapo umejitafutia makubwa. Lingine lilipasuka lenyewe siku ya nne au ya tano, nikalisafisha, nikalipaka asali yangu ya msitu, nikalifunga. Kosa langu lilikuwa ile chupa, kwa sababu yenyewe ilikuwa inaminya tu kwa njia nyingine, na kosa kubwa kuliko chupa ni kwamba sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba jipu lake limenishinda. Fundi gani anasema hivyo?

Basi nikaoa, nikahamia ndani zaidi, upande wa vichaka, mahali penye nyuki. Kutoka pale mpaka mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe ni safari ya kuanzia alfajiri mpaka jua la mchana. Mke wangu tulizaa watoto watano naye. Baba yake alipofariki, mama mkwe akaja kuishi kwetu. Kwa desturi alitakiwa kukaa kwa mwanawe wa kiume, na anaye mmoja, shemeji yangu, lakini shemeji alikuwa mtu wa minada. Nyumba aliyomwahidi mama yake ilikuwa na msingi tu, na ndani ya msingi palikuwa pameota mtama.

Sasa wasiojua desturi yetu niwaeleze. Mkwe na mkwe hawatazamani. Nilimjengea mama chumba ng'ambo ya uwanja, mlango ukaelekea upande mwingine. Nikitaka kupita kule nakohoa. Yeye akitoka anajifunika kanga mpaka usoni, nami nageuka natazama mizinga. Hatuli pamoja, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Tukizungumza ni kupitia ukuta, na mara nyingi ni kupitia mke wangu. Miaka minne tumeishi hivyo na ninaweza kusema nilimpenda yule mama kuliko shangazi zangu, maana alikuwa na mdomo wa utani. Ila uso wake nilikuwa siujui vizuri. Sauti ndiyo niliijua.

Na heshima yake kwangu ilikuwa asali. Sega la kwanza la kila mzinga lilikuwa lake. Nalikata, naliweka kwenye bakuli safi, mke wangu analipeleka. Bakuli lilirudi tupu kila siku. Nilikuja kujua baadaye kwamba mama hakupenda vitu vitamu tangu utoto wake. Alikuwa anakula kwa sababu ni ya mkwe, na ya mkwe hayarudishwi.

Mambo yakafunguka nchini. Maduka yakajaa tena, sabuni za kila rangi, mitumba imerundikwa chini mnadani kama majani, na dawa pia. Zamani dawa ilikuwa zahanati, kama ipo. Sasa ilikuwa juu ya sanduku, katikati ya betri na viberiti. Shemeji yangu akaingia katika kazi hiyo. Alinunua sanduku la bati la bluu, akajaza vidonge vile tunavyoviita rangi mbili, akawa anazunguka minada yote mpaka Kinyangiri. Akaanza kuvaa koti la mitumba lenye manyoya shingoni, kwenye jua la Singida, jasho linamtiririka, hataki kulivua. Nilimwuliza kama anataga mayai humo ndani. Yeye akanijibu kwamba afadhali mwenye koti kuliko fundi anayenyonya watu usaha kwa chupa ya pombe. Utani wa mashemeji, tulicheka wote. Alikuwa mtu mwema. Nataka hilo lieleweke kabla sijafika mbele. Hakupita kwetu bila kitu cha mama yake, kanga, majani ya chai, ugoro. Na vidonge.

Maana mama alianza kuota majipu. La kwanza pajani, dogo, nikalitibu kwa kumwelekeza mke wangu, likapona. Mwezi haukupita likaja la kwapani. Kisha mawili kwa pamoja. Sabuni ilikuwepo, alikuwa anaoga kuliko sisi sote, na bado yanarudi. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Nikasema damu imechafuka. Na damu ikichafuka, kwa wafuga nyuki, dawa ni asali. Nikaagiza anywe maji ya asali kikombe asubuhi na kikombe jioni, mbali na sega lake. Shemeji naye akipita anamwachia vidonge viwili vitatu, anavimeza siku hiyo, jipu likinywea anasema dawa imefanya kazi, anaondoka. Basi mimi nampa asali kwa mkono huu, yeye anampa nusu dawa kwa mkono ule. Tulikuwa tunashindana kumpenda.

Mke wangu aliniambia vitu. Aliniambia mama anakunywa maji mtungi mzima kwa siku. Nikasema ni joto. Aliniambia amekonda, nikasema ni uzee. Aliniambia pale mama anapokojoa nyuma ya chumba sisimizi wanajaa kama wamemwagiwa sukari. Hilo nililicheka. Nilisema hao ni sisimizi wa asali yangu, wamenifuata. Niliposema nimerithi kutoamini kwa baba, ndiyo hiyo.

Kisha likaja lile jipu. Liliota mgongoni chini, pale mwanamke anapofungia kanga. Siku ya kwanza mke wangu alikuja jikoni akasema mama ana jipu jingine, kubwa. Nikachemsha maji, nikatoa kitambaa, nikaenda kukaa chini ya ukuta wa chumba cha mama, mgongo wangu kwenye udongo, nikawa natoa maelekezo. Yeye yuko ndani na mama yake, mimi niko nje. Weka kitambaa. Kimepoa? Chovya tena. Limefanya mdomo?

Siku ya tatu mke wangu akasema limefanya midomo mitatu.

Nikafurahi. Nilihesabu kama mjinga anavyohesabu, nikasema jipu lenye mdomo mmoja linatoka kwa njia moja, lenye mitatu litaisha mara tatu upesi. Nikamwambia aandae chupa. Akaibandika jinsi nilivyomfundisha. Nikasikia kupitia ukuta mama anavuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Mke wangu akasema haikutoa kitu, damu tu nyeusi. Nikasema halijaiva, kesho tena.

Kesho yake, ilikuwa saa mbili asubuhi, mke wangu akatoka chumbani kwa mama akasimama mbele yangu. Nilikuwa natengeneza mzinga. Hakusema mpaka nikaweka shoka chini. Akasema mama anatetemeka na mwili ni moto, na tangu alfajiri anazungumza na dada yake. Dada yake alikufa siku nyingi. Akasema lile jipu sasa ni pana kama kisahani, kando yake ngozi imekuwa nyeusi, na kuna mstari mwekundu unapanda mbavuni.

Kisha akasema, "Baba watoto, mimi nakuambia ninachokiona, na wewe unatibu unachokisikia. Sasa njoo uone."

Nilikaa na maneno yale muda mfupi tu, lakini nakumbuka kila kitu kilichokuwa pale, vibanzi vya mti chini, kuku akipekua. Mtu akiwa mkweli na nafsi yake hahitaji muda mrefu. Nilijua kwamba nikiendelea kukaa nyuma ya ukuta yule mama atakufa kwa adabu. Nikaamua. Nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikasimama mahali ambapo miaka minne sijasimama, nikakohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu." Sauti imekuwa nyembamba. "Mbona uko upande huu? Umepotea?"

Nikamwambia naomba niingie nilione jipu. Nikamwambia mbuzi wa kuondoa aibu nitamtoa, yule dume mweusi, wazee watakula, tutasafisha jambo. Lakini leo naomba niingie.

Akanong'ona kitu. Nilidhani amerudi kwa dada yake. Kisha akasema, "Ingia. Ila ufumbe jicho moja. Wakiniuliza nitasema mkwe aliona nusu."

Niliingia nimefumba jicho moja kweli. Sijui kwa nini. Amelala kifudifudi, mke wangu amemfunika kote ameacha pale tu. Nikafungua na lile jicho la pili, maana nilihitaji yote mawili. Maisha yangu yote nimetazama masega. Ile ngozi ilikuwa kama sega, matundu pembeni ya matundu, kila moja linatoa usaha wake, na kati ya matundu nyama imekufa. Haikuwa midomo mitatu, mke wangu aliacha kuhesabu alipofika mitatu. Nikaweka kiganja karibu bila kugusa na joto likanifikia. Mstari mwekundu ulikuwepo. Nikamfunika mwenyewe.

Nikasema tunakwenda hospitali leo, sasa hivi.

Nilikuwa nafunga ng'ombe kwenye mkokoteni shemeji alipofika na baiskeli yake, sanduku la bluu nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa anatoka mnadani. Akauliza nani amekufa. Nilipomweleza akaacha baiskeli ianguke, akaingia kwa mama yake, akatoka na macho mekundu, na alichokitaja kwanza hakikuwa jipu. Alisema, "Umeingia kwa mama yangu?"

Nikasema nimeingia.

Akasema nimemvua nguo mama yake na sasa nataka kwenda kumvua mbele ya mji mzima. Akasema hospitali watamchana kama mbuzi, na mtu mzima akichanwa mgongo hapati nguvu tena, amewaona hao minadani. Akafungua sanduku pale pale uwanjani, akachota vidonge kwa kiganja, nyekundu na njano, akasema leo atampa sita kwa mpigo.

Mimi naendelea kufunga ng'ombe. Watu wanadhani kuwa na msimamo ni kupiga kelele. Nilikuwa natafuta kamba ya nira, na niliipata, na nikaifunga. Shemeji akashika pembe za ng'ombe wa kushoto.

"Fundi wa chupa," akasema, "kama ungekuwa unajua kutibu tungefika hapa?"

Nikamjibu, "Sijui kutibu. Ndiyo maana nampeleka kwa anayejua. Wewe unajua?"

Aliendelea kushika pembe, lakini mikono imelegea, na ng'ombe mwenyewe akatingisha kichwa akajitoa. Tulitandika magunia na godoro. Mimi na yeye ndio tuliombeba mama, kila mmoja upande wake, na ndiyo mara ya kwanza nikaona uso wake mchana, mdogo, wenye kovu juu ya nyusi. Akanitazama akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo. Nilidhani wewe ni mrefu."

Safari ile sitaielezea sana. Jua, vumbi, mke wangu ameshika mwavuli juu ya mama na anamdondoshea maji mdomoni. Kila nilipotaka kupumzisha ng'ombe nilitazama ule mstari mbavuni, kisha sikupumzisha. Shemeji alitufuata na baiskeli, wakati mwingine mbele, wakati mwingine nyuma, na lile sanduku linalia kwata kwata kwenye mashimo. Mtu wa kwanza tuliyekutana naye njiani alinisalimia Fundi na kuniuliza nampeleka nani wapi. Nikamwambia. Akashangaa. Akasema, "Hata wewe?" Nikasema hata mimi.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, kijana kabisa, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alimwamkia mama shikamoo bibi kabla ya kugusa kitu, hilo lilinipendeza. Alitazama mgongo, hakushtuka usoni, lakini miguu yake ilianza kwenda haraka. Wakampima joto, wakachukua damu, wakachukua mkojo. Kisha akarudi akauliza maji anakunywaje, anakonda tangu lini, majipu yanarudi tangu lini. Mke wangu akajibu yote, mpaka sisimizi. Daktari aliposikia sisimizi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina analolijua.

Akasema ni ugonjwa wa sukari. Sukari imejaa kwenye damu, na mtu mwenye hali hiyo majipu humshambulia na kidonda hakiponi. Akauliza anakula nini.

Mke wangu akanitazama. Mke wangu angenificha kama ningetaka. Nikasimama nikasema, "Asali, daktari. Mimi ndiye ninayempa. Kikombe asubuhi na kikombe jioni, na sega. Na chupa pia nilibandika." Nikaeleza chupa. Ilikuwa aibu kubwa kuliko ya kuingia chumbani. Daktari hakunicheka wala hakunigombeza. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyeamua kumleta. Nikasema ndiyo. Akasema basi kaa chini mzee, umechoka.

Walimchana. Walitoa nyama iliyokufa kiasi ambacho sikutaka kusikia, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano asubuhi na jioni. Siku tatu hatukujua kama ataishi. Siku ya nne aliomba ugoro, nesi akakataa, akamtukana nesi, na mke wangu akalia kwa furaha. Alikaa wodini zaidi ya mwezi. Aliishi miaka mingi baada ya pale, anakunywa chai kavu, anakwenda kliniki yake, na sega la kwanza nikawa nampelekea mahindi mabichi mawili ya kuchoma badala yake, kwa heshima. Mbuzi dume mweusi nilimtoa. Wazee walikula, wakasema jambo limesafishwa. Ila baada ya hapo hatukuweza tena kurudi kwenye ukuta. Alikuwa anakaa uwanjani ananikosoa ninavyochonga mizinga.

Chupa niliivunja kwa shoka, nikafukia vigae. Watu bado walikuja, na sikuwafukuza. Jipu dogo la mtu mzima mwenye nguvu zake nililitibu kama zamani, maji ya moto ya kuvumilika, kitambaa safi, nanawa mikono kabla na baada, taulo lake lisitumiwe na mwingine, na kuliacha liive lenyewe. Lakini nilianza kuuliza maswali kabla ya kuchemsha maji. Una homa? Ni la ngapi mwaka huu? Unakunywa maji kiasi gani? Na nilianza kutazama kwa macho yangu, hata akiwa nani. Jipu la usoni karibu na pua au mdomo sigusi. La mtoto mchanga sigusi. Lenye midomo mingi, lenye mstari mwekundu, linalotambaa, lililokaa wiki bila kunywea, yote hayo nilikuwa nasema, ndugu, hili si langu, nenda, na kama huna wa kukupeleka nitafunga ng'ombe. Nimewafunga mara nyingi. Wapo walioona nimeishiwa ufundi. Sawa.

Nimeruka jambo moja. Nimeliruka makusudi, maana kila nikilifikia naona heri nizungumze habari za mahindi.

Ni siku ile ile tuliyofika, baada ya mimi kukiri asali yangu. Mama alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini anangoja kuingizwa chumba cha kuchania. Mimi na mke wangu tumekaa benchi. Shemeji amesimama karibu na kichwa cha mama yake, sanduku la bluu ameliweka sakafuni katikati ya miguu. Daktari akarudi akauliza kama kuna dawa nyingine bibi alikuwa anatumia. Mke wangu akasema vidonge vya rangi mbili. Daktari akauliza alikuwa anameza vingapi, kwa siku ngapi. Viwili, vitatu, akasema mke wangu, siku moja, jipu likinywea anaacha. Daktari akasema hiyo ndiyo imefanya vidudu vizoee. Akasema dawa ya namna hiyo haigawanywi kama pipi, na kwamba sasa itabidi atafute nyingine kali zaidi na aombe ifanye kazi. Hakusema kwa hasira. Kisha akauliza, "Nani alikuwa anampa?"

Mimi nilitazama sakafu. Mke wangu alitazama sakafu. Lile sanduku lilikuwa pale, mtu yeyote angeliona, na maandishi yaliyochorwa na fundi wa mabango mnadani: DAWA ZOTE.

Mama ndiye aliyejibu. Nilidhani amelala. Hakufungua hata macho.

"Nilinunua mwenyewe mnadani," akasema. "Kwa mtu mmoja tu, simjui."

Daktari akaandika. Wakaja wakasukuma kitanda, mlango wa mabawa mawili ukafunguka ukajifunga. Shemeji alibaki amesimama, mkono wake bado uko hewani pale ulipokuwa ukingo wa kitanda. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, toka juu mpaka chini. Akalivua. Akalikunja vizuri akaliweka juu ya sanduku, akalisogeza sanduku chini ya benchi kwa mguu, taratibu, lisilie.

Nikamwambia kaa shemeji, tungoje pamoja. Akasema anakwenda kutazama baiskeli.

Dirisha lilikuwa mbele yangu. Nilimwona akitoka, shati limemganda mgongoni kwa jasho, amekuwa mwembamba bila lile koti. Alipita kando ya mkokoteni akamgusa ng'ombe wa kushoto kwenye pembe. Alipita kando ya baiskeli yake bila kuishika. Akafika barabarani, akatazama huku na huku kama mtu anayeuliza njia, akashika ya stesheni. Hakurudi.